Kete iko mkononi, pa kuiweka hapajulikani: maswali yenu kuhusu msemo wa Kichina

Juzi niliandika mstari mmoja tu kuhusu ju qi bu ding, msemo wa Kichina ambao neno kwa neno ni "kunyanyua kete bila kuamua", meseji zikamiminika. Najibu zile zilizojirudia.

*Kaka, huo msemo ndo sawa na wetu wa mguu ndani mguu nje? (Msomaji, Morogoro)*

Inakaribiana sana ndugu yangu. Mchina akikuona una kazi mbili mkononi na wiki ya tatu hujajibu popote, atakuambia hivo hivo, ju qi bu ding. Ni silabi nne kama ilivyo misemo yao mingi ya kale. Ila hiyo ndo maana ya leo, ya mwanzo ilikuwa na damu ndani yake.

*Damu tena? Hebu tupe chanzo chake mwalimu. (Msomaji, Kisumu)*

Chanzo ni Zuozhuan, kitabu cha kale cha historia ya zile dola za China kabla hazijawa nchi moja. Kulikuwa na dola inaitwa Wei, mtawala wake Xian alikuwa na dharau za ajabu, siku moja akawaalika mawaziri wawili chakula, wenzake wamevaa rasmi wanasubiri mpaka jua linashuka, kumbe yeye yuko bustanini anapiga mabata bukini, wakamfuata huko akaongea nao hata kofia ya kuwindia hajavua. Usicheke, kwao hilo lilikuwa tusi zito. Mwaka 559 KK wakamtimua, mmoja wa waliomtimua akiwa Ning Zhi.

Sasa huyu Ning Zhi kufika kitandani mwa mauti roho ikamsuta, akamwambia mwanae Ning Xi: jina langu limeandikwa kila dola kwamba nilimfukuza bwana wangu, mrudishe, usipomrudisha mzimu wangu utakaa na njaa, sitakuja kula sadaka zako. Kijana akakubali. Mwaka 548 KK yule mtawala akiwa bado uhamishoni akatuma watu kwa Ning Xi kuulizia habari za kurudi, naye akaitikia. Hapo mzee mmoja wa ukoo wa watawala, Taishu Yi, ndo akasema: mcheza bao akinyanyua kete hajaamua pa kuiweka hamshindi mwenzake, sembuse anayemweka mtawala bila kuamua? Akaongeza kwamba ukoo wa mawaziri wa vizazi 9 unakwenda kufutika kwa mkupuo mmoja, inasikitisha.

Na ikawa. 547 KK Xian akarudi kwa nguvu za Ning Xi, 546 KK Ning Xi akauawa na maiti yake ikaanikwa uwanja wa ikulu. Kwa hiyo mimi naona msemo tunauelewa nusu, Ning Xi hakufa kwa kuchelewa, alifanya tena kwa haraka tu, kosa lilikuwa nyumba moja kumtoa mtu leo na kumrudisha kesho, yani mkono uleule unang'oa kete na kuirudisha.

*Mchezo wenyewe ni upi, drafti? (Msomaji, Tanga)*

Hapana, ni weiqi, wengi mnaujua kwa jina la Kijapani, Go, ndo ule ambao programu ya kompyuta ya AlphaGo ilimfunga bingwa wa Korea Kusini, Lee Sedol, 4 kwa 1 mwaka 2016. Bao la leo lina mistari 19 kwa 19, makutano 361, kete nyeusi na nyeupe. Na ukishaitua kete haisogei tena, inabaki pale mpaka izingirwe itolewe, ndo maana mkono unakaa hewani muda mrefu.

*Bosi wangu Mchina kila nikitoa ushauri baada ya kikao anasema "ma hou pao" halafu wenzake wanacheka. Ananitukana? (Msomaji, Dar)*

Pole dada, anakutania. Maana yake "mzinga nyuma ya farasi", yani umeongea mambo yameshapita. Hiyo imetoka xiangqi, sataranji yao, ambako mzinga unakula kwa kuruka kete moja iliyo katikati. Cha kuchekesha ni kwamba kwenye bao hiyo ni hatari kweli kweli: farasi akae mstari mmoja na jemadari (ndo mfalme wao), nafasi moja tupu kati yao, anambana kushoto na kulia, mzinga nyuma unaruka juu ya farasi, kwisha habari. Siku nyingine mwambie bosi kwamba ma hou pao inaua.

*Na ule mto katikati ya bao la xiangqi? (Msomaji, Mombasa)*

Mara nyingi wameandika pale Chu he, Han jie, mto wa Chu, mpaka wa Han. Mwaka 203 KK mahasimu wawili waliokuwa wanagombea China, Xiang Yu wa Chu na Liu Bang wa Han, walikubaliana kugawana nchi kwenye mfereji wa Honggou, jimbo la Henan la leo. Siku hizi wanausema kwa mpaka usiochezewa, huku kwako huku kwangu, wakati Xiang Yu alipogeuza tu jeshi kurudi mashariki Liu Bang akamfuata nyuma, na 202 KK Xiang Yu alikuwa ameshakufa. Hata kwenye bao askari wanavuka tu, tena akishavuka ndo anaruhusiwa kwenda pembeni. Tembo ndo amekatazwa kuvuka, na jemadari na walinzi wake hawatoki ikulu yao.