Jibu: mzizi mdogo (jibu dogo la ekwesheni) unatoka kombo kwenye lugha ya C

Mkuu, umesema ekwesheni yako x² + 100000000x + 1 = 0 umeiandika kwa double complex (aina ya namba changamano kwenye C), jibu kubwa linatoka poa ila lile dogo linatoka -7.45e-9 wakati inatakiwa iwe karibu kabisa na -1e-8. Kompaila haina kosa, na ukihamia long double (aina inayoweza kubeba tarakimu nyingi zaidi) tatizo linaweza kupungua tu, halitaisha.

Shida ipo kwenye kutoa. Ekwesheni ni ax² + bx + c = 0, kwako b ni 100000000, na csqrt (kipeo cha pili cha namba changamano) inakupa namba inayokaribia sana b, sasa ukijumlisha -b na hiyo namba tarakimu za mbele zote zinafutana, kinachobaki ni zile za mwisho ambazo zilishakatwa maana double inabeba tarakimu kama 16 hivi basi. Fanya hivi: s = csqrt(b*b - 4*a*c), halafu angalia creal(conj(b)*s) (creal inatoa sehemu halisi, conj inageuza alama ya sehemu ya kufikirika), ikiwa chini ya sifuri geuza s iwe -s, ndo upige q = -(b + s)/2. Jibu la kwanza q/a, la pili c/q. Hapo b na s hazifutani tena. Ila q ikiwa sifuri usigawanye, majibu yote mawili ni sifuri.

Ukitaka ukubwa wa namba tumia cabs, tafadhali usiandike sqrt(x*x + y*y) mwenyewe, x ikifika 1e200 unapata inf (namba imezidi uwezo wa double) wakati jibu lenyewe linaenea vizuri tu kwenye double. Na kuprinti weka %.17g (tarakimu 17), maana %f inaishia desimali sita na itakuonyesha -0.000000 udhani bado imeharibika.