Kila Usiku Nasoma, Zoezi Silijui

SWALI: Mhariri, nasomea stashahada kwa njia ya elimu masafa huku nikiwa mwajiriwa wa kutwa. Kila usiku husoma moduli na kupigia mstari aya muhimu, lakini nikilikabili zoezi sikumbuki kitu, na ratiba imeshanipita. Je, niongeze saa za kusoma au niahirishe muhula?

JIBU: Kabla ya kuamua lolote kati ya hayo mawili, hesabu kwanza saa ulizonazo. Katika mfumo wa krediti wa vyuo vya Ulaya, kwa mfano, krediti 1 huhesabiwa kuwa saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi, hivyo kozi ya krediti 5 iliyopangwa kwa wiki 15 hudai takriban saa 8 hadi 10 kwa wiki. Tafuta makadirio ya namna hiyo katika mwongozo wa kozi yako, uyalinganishe na wiki unayoishi kweli, si ile unayoitamani.

Hata hivyo, maelezo yako yanaonyesha kwamba kasoro iko zaidi katika namna unavyosoma. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha majaribio ambamo wanafunzi waliorudia kusoma matini walikumbuka mengi zaidi walipopimwa baada ya dakika 5, lakini baada ya wiki 1 walizidiwa na wenzao waliosoma kisha wakajipima bila kuitazama tena. Ndiyo maana kupigia mstari hudanganya: usiku uleule unajiona umeelewa, na zoezi halifanywi usiku uleule.

Basi soma maswali ya zoezi kabla ya moduli, ili ujue unatafuta nini. Ukimaliza sehemu moja, ifunge, uandike kwa maneno yako ulichokishika, ndipo uifungue na kusahihisha. Siku chache baadaye urudie kuandika bila kutazama. Kazi hii inachosha kuliko kusoma, na wengi huiacha kwa sababu hiyo tu.

Mwandikie mkufunzi leo, wala usingoje hadi uwe umefidia yote. Ukimwambia tu kwamba huelewi, utamwacha akikisia. Mweleze umefika ukurasa gani, umejaribu nini, na hoja ipi imekukwamisha. Muda wa nyongeza uombwe kabla ya tarehe ya kuwasilisha kupita, kwa kuwa ombi la baadaye mara nyingi hudai vielelezo vya ugonjwa au dharura.

Iwapo mkufunzi ataona huwezi tena kufidia, hapo uulizie kuahirisha, pamoja na siku ya mwisho ya kujiondoa katika kozi, kwa maana vyuo vingi baada ya siku hiyo havirudishi ada na vinaweza kukuandikia kwamba umefeli.