Kwa nini bango langu la bluprinti linaonekana bandia?

SWALI: Nimetengeneza bango lenye mwonekano wa bluprinti, yaani nakala ya zamani ya mchoro wa ujenzi: usuli wa bluu, mistari myeupe, na juu ya vyote picha ya karatasi kuukuu. Kwenye skrini linaonekana kama plastiki. Lilipochapishwa, bluu ikawa zambarau. Tatizo ni nini?

JIBU: Tuanze na mpangilio wa leya zako, yaani tabaka za picha kwenye programu. Umechora mistari kana kwamba ni wino mweupe juu ya bluu, ilhali bluprinti halisi haina wino mweupe hata tone. Kwa mbinu iliyotokana na kazi ya John Herschel ya mwaka 1842, karatasi ilipakwa chumvi za chuma, ikafunikwa kwa mchoro uliopitisha mwanga, ikaanikwa juani. Penye mwanga palizaliwa bluu. Pale mistari ilipouzuia, dawa iliondoka kwa maji. Mstari ni karatasi yenyewe iliyobaki tupu, na bluu ni rangi iliyozama kwenye nyuzi.

Kwa hiyo iweke skani ya karatasi chini kabisa, nyeupe iliyofifia kidogo. Juu yake weka bluu kwa modi ya Multiply, inayoiacha leya ya chini ionekane kupitia rangi ya juu. Mistari usiichore, ifanye maski (kiolezo kinachoficha sehemu za leya) itakayoitoboa bluu ili karatasi ionekane. Hapo doa litapita kwenye bluu na kwenye mstari kwa pamoja, na jicho litakubali. Bluu ikiwa nzito itameza nyuzi, basi nakili skani hiyohiyo ndani ya maski, ongeza kontrasti, na bluu itaingia kwa kutofautiana kama dawa iliyopakwa kwa mkono.

Mikunjo ndiyo inayowaponyoka wengi. Karatasi ikikunjwa na kukunjuliwa mara nyingi, nyuzi za juu huchubuka na bluu hutoka nazo, hivyo mkunjo wa bluprinti huwa mweupe, si kivuli cheusi. Na tafadhali achana na karatasi za kahawia zenye kingo zilizoungua. Zinafaa barua za kale. Mchoro wa ujenzi ulichakaa kwa kukunjwa na kushikwashikwa na mafundi.

Skani iwe na dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) kwa ukubwa wa kuchapisha. Ukiivuta ndogo iwe kubwa, nyuzi hunenepa na karatasi hukosa uhalisia.

Zambarau inatokana na magenta, wino wa waridi iliyokolea. Katika CMYK, mfumo wa kuchapa kwa wino za siani (bluu ya kijani), magenta, njano na nyeusi, magenta ikiikaribia siani kwa kiasi, bluu huhamia zambarau. Acha pengo la asilimia 30 au zaidi: anza na siani 100, magenta 60, kisha ongeza nyeusi kidogo ili kuitia giza, na uombe sampuli kabla ya kuchapisha zote.

Mistari ya kutoboa nayo isiwe myembamba kupita kiasi. Bluu yako inaundwa na wino kadhaa, na mmoja ukisogea kidogo tu mashineni, mstari huziba. Mimi sishuki chini ya pointi 0.75, hata kwa mistari ya vipimo.