Land Cruiser ya dizeli kukosa nguvu mlima wa Newala

Kaka, umesema Land Cruiser lako linakosa nguvu mlimani na fundi anahisi ni klachi; usikubali gia boksi ishushwe kwa sababu tu kahisi. Panda tena mlima ule wa Newala, sikiliza injini. Ikipandisha mlio huku gari haliongezi mwendo, klachi inateleza. Mlio ukififia pamoja na mwendo, shida huenda ni dizeli kutofika vizuri kwenye injini. Na kwa kuwa umesema asubuhi linawaka kwa taabu, mimi naona linavuta hewa kwenye njia ya dizeli. Mwaga maji yaliyotuama chini ya filta ya dizeli, kisha bonyeza ile pampu ya mkono iliyo juu yake mpaka iwe ngumu. Ukiikuta laini tena asubuhi, kagua mpira unaotoka tenki, hasa penye klipu. Hewa huingia hata pasipodondoka tone. Filta yenyewe badilisha tu, gharama yake ndogo.