Usifunge betri kwenye hilo Benzi kabla hujaona waya za injini

Mkuu, hiyo betri usiifunge. Kama umeshainunua iache kwenye boksi lake, au iunganishe na sola ya nyumbani uangalizie mpira, lakini karibu na hilo gari isifike.

Nimesoma andiko lako lote. Benzi E280 ya 1994, umbo la W124, ya marehemu baba yako mdogo, imekaa Tabata chini ya mwembe miaka saba. Fundi kakuahidi kuja Jumamosi na betri mpya na dumu la petroli: "tunapiga stata, likikataa tunabusti, jioni unatoka nalo." Umeuliza pia habari za matairi, siti za ngozi, rangi, na kadi ambayo bado ina jina la marehemu. Nitafika huko nikikumbuka. Kwa sasa nimekwama kwenye hiyo "tunapiga stata", maana sentensi hiyohiyo niliambiwa mimi, nikacheka kwa furaha, nikatoa hela ya soda.

Sikiliza. Benzi la 1994 lina ugonjwa ambao Benzi la 1988 halina. Injini yako ni M104, silinda sita. Kwenye miaka ya 1993 hadi 1995 hasa, hizo M104, na M111 za silinda nne pia, zilitoka kiwandani zikiwa na wairingi ya injini, yaani ule mkungu wa waya zote za injini, ambayo ganda la waya zake haliwezi joto. Inaelezwa kwamba lilikusudiwa lioze kirahisi gari likishatupwa, kwa ajili ya mazingira. Safi sana, ila limeamua kuoza gari likiwa bado la kwako. Kwa nje unaona ile soksi nyeusi inayofunika waya imekaa vizuri, hata vumbi lake la heshima. Ifungue: waya za ndani zinapukutika kama ganda la karanga za kukaanga, na shaba inabaki uchi, waya na mwenzake wamelaliana.

Gari likiwa limelala bila umeme, hakuna shida. Shaba inagusa shaba, hakuna anayeumia. Siku unayofunga betri mpya yenye nguvu zake zote, halafu unageuza ufunguo, umeme unaingia kwenye waya ambao hujui unamgusa nani. Waya za koili za cheche, waya za nozeli za petroli, waya za sensa, zote zinarudi kwenye kontrol boksi. Unaua kompyuta ya injini kwa sekunde, kimyakimya. Wala moshi hutauona.

Langu lilikuwa E280 vilevile, nililipata kwa mzee mmoja mstaafu pale Upanga. Alilipaki akaacha kuendesha kwa sababu ya macho. Bei ilikuwa ya kuokota, ndiyo maana sikutaka kuuliza maswali. Nikaliandika kwenye kundi letu la wapenda magari ya zamani, kama ulivyofanya wewe. Akajitokeza mtaalamu mmoja, mzee wa heshima, picha yake ya wasifu amesimama mbele ya 300E nyeupe inayong'aa. Akaandika: "Kijana, hizi gari ni za Mjerumani. Langu lilikaa miaka kumi, tukaweka betri na petroli likawaka papo hapo. Msimtishe mwenzenu." Watu wakampa makofi. Mimi nikampa makofi pia.

Ninachomlaumu yule mzee mpaka leo ni kimoja. Hakusema uongo. Lake kweli liliwaka! Lakini lake ni 300E ya miaka ya themanini, injini ya M103, mfumo tofauti kabisa wa mafuta, na waya zake zilitengenezwa kabla ya huo ujinga. Alikuwa anatoa dawa ya mgonjwa mwingine. Nilipokuja kumweleza yaliyonipata akajibu, "pole, labda fundi wako." Labda fundi wangu. Haya.

Basi fundi wangu naye. Fundi wa umeme aliyesema "Benzi nimezichezea tangu nikiwa mdogo". Nadhani alimaanisha zile za plastiki. Alifungua boneti, akaona waya zinazoingia kwenye throttle, ule mlango wa hewa ya injini, zimepasuka, ninazo picha. Hapo ndipo gari lilipokuwa linatupigia kelele kabisa. Angesema "bosi, tusimame" ningekuwa nampigia simu kila Idi na Krismasi. Badala yake akatoa solataipu nyeusi mfukoni, akazungushia pale palipoonekana, akaniambia, "hii ndogo." Solataipu! Umefunga inchi mbili, na ndani ya soksi kuna mita za waya zilizooza ambazo hujaziona.

Tukafunga betri. Tukapiga stata. Na likawaka, mkuu, na hapo ndipo pabaya. Liliwaka likiunguruma kwa kukohoa, silinda kama mbili hivi hazifanyi kazi, tukashangilia, mtoto wa jirani akapiga picha. Fundi akasema linajisafisha, tuliache. Tukaliacha linajisafisha. Likazima. Halikuwaka tena.

Sasa angalia jinsi mtu anavyozama. Fundi akapima akasema kontrol boksi imekufa. Sawa, ilikuwa imekufa kweli. Nikaenda mtaa wa Gerezani, kwa wauza spea, kutafuta ya mtumba. Muuzaji akanipa moja inayofanana sura, plagi zinaingia, namba za mwanzo zilezile. Namba za mwisho tofauti, nikaambiwa "hizo za mwisho ni tarehe tu". Si tarehe. Ilikuwa ya injini nyingine, haikuwasha chochote. Nikarudi, tukagombana, akakataa kurudisha hela, akakubali kunibadilishia kwa nyongeza. Nikapata yenye namba sahihi, safari hii nikazisoma moja moja kama mtu anayehakiki vocha.

Tukaichomeka kwenye WAIRINGI ILEILE.

Unajua kilichotokea. Boksi la pili likaenda lilikoenda la kwanza. Hata siku ile hakuna aliyesema neno "waya". Fundi alisema ninunue na la tatu "tujaribu", kana kwamba tunacheza bahati nasibu. Nikaliweka gari juu ya mawe, na mimi mwenyewe nikawa juu ya mawe vilevile. Hela niliyokuwa nimeshateketeza kwa maboksi, stata na ufundi ilishazidi ile niliyolinunulia gari lenyewe, na gari halijatoka nje ya geti.

Aliyeniokoa ni fundi mmoja kijana, mpole, wa Ilala, aliyekuja bila kisanduku kikubwa cha vifaa. Alikuja na tochi na kisu kidogo. Alichana soksi ya wairingi kuanzia mbele mpaka nyuma, akaweka zile waya mezani kwangu, akaniuliza, "Hizi ndizo mlizipitishia umeme?" Sikuwa na jibu. Mke wangu alikuwa nalo lakini sitaliandika hapa.

Kwa hiyo sheria ni moja na nitairudia mpaka wasimamizi wa jukwaa wanitoe: hakuna betri kwenye hilo gari mpaka wairingi ya injini ifunguliwe na kuonekana kwa macho. Si kupapasa kwa nje, wala kwa kuambiwa "mzee alilitunza sana". Baba yako mdogo alilitunza, sikatai, Mungu amrehemu. Plastiki haijui kama mtu alilitunza.

Pa kuangalia ni hapa. Kwanza waya zinazoingia kwenye throttle, maana hapo joto ni kubwa na hufa mapema. Halafu zinazokwenda kwenye nozeli. Halafu toa kile kifuniko cha katikati juu ya injini, chini yake kuna koili tatu, angalia waya zake. Kunja kidogo kwa vidole. Waya mzima unakunjika, mbovu unavunjika ganda. Halafu shuka chini kwenye zile zinazokwenda kwenye jenereta na stata, watu wengi wanasahau huko. Mtu akikwambia "hii ilishabadilishwa zamani", inawezekana kweli, na ikiwa hivyo una bahati ya mtende. Wairingi mpya ya kiwandani huwa na lebo yenye tarehe. Tafuta lebo, isome mwenyewe.

Na ukikuta imeoza, tafadhali usinunue ya mtumba kutoka gari la mwaka huohuo. Itakuwa imeoza vilevile, unanunua tatizo lako kwa mtu mwingine. Una njia mbili. Agiza mpya au iliyotengenezwa upya kutoka nje, ghali lakini unalala. Au tafuta fundi wa umeme mwenye subira aijenge upya kwa waya zinazostahimili joto, akitumia plagi zako za zamani, waya mmoja baada ya mwingine, rangi kwa rangi. Mimi nilifanya hii ya pili na mpaka leo haijanisumbua. Throttle nayo usiisahau, kwa ndani ina waya za aina ileile. Ukibadilisha wairingi ukaiacha throttle na waya zake za zamani, umeoga ukavaa nguo chafu.

Hilo dumu la petroli nalo, kabla halijamiminwa, ya zamani itoke YOTE. Petroli ya miaka saba si petroli, ni kitu kinachonuka kama rangi ya mlango na kinaacha gundi. Kuna chujio chini ya tangi ambalo wengi hawalijui, linafunguliwa kwa soketi kubwa ya 46, na kwenye gari lililolala hujaa kutu na uchafu. Mkimimina mafuta mapya juu ya hayo mtaua pampu, ambayo iko chini upande wa nyuma pamoja na filta. Nozeli peleka zikasafishwe kwenye mashine.

Injini usiizungushe kwa stata mara ya kwanza. Toa plagi za cheche zote sita, tia oili kidogo kila tundu, acha ilale usiku mmoja au miwili, halafu izungushe kwa mkono kwa soketi ya 27 kwenye boliti ya mbele ya krenki (mhimili mkuu wa injini), kuelekea saa inavyokwenda. Ikizunguka laini mshukuru Mungu. Ikigoma usilazimishe, ongeza oili na siku. Badilisha oili na filta kabla ya kuwasha, si baada. Na angalia panya, chini ya mwembe wapo, na wanapenda hizo waya kuliko wewe.

Breki sina la kuongeza: mafuta yake hunywa unyevu, piga yote mapya, na kalipa zitakuwa zimeganda. Usitoke barabarani eti kwa sababu "inawaka".

Matairi uliuliza. Hata kama yana kashata zote, soma namba nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT ubavuni. 2313 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2013. Ukikuta hivyo yatupe, au mpe anayefuga kuku. Usiyapeleke barabara ya Morogoro.

Kadi ya gari: gari la marehemu linahamishwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si na anayekaa na funguo. Kama familia bado haijafungua mirathi, anzeni huko kabla hujatia senti, maana ukilifufua likang'aa watajitokeza ndugu ambao hujawahi kuwaona. Ile ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa 2017 ikahamishiwa kwenye bei ya mafuta, kwa hiyo hiyo isikutishe kwa miaka ya karibuni. Bima kata siku unayotoka.

Kuna mchangiaji hapo juu kaandika "msimtishe mwenzenu, weka betri, likikataa ndiyo utafute tatizo". Kaka, wewe una gari gani na la mwaka gani? Jibu hilo kwanza. Kama ni M103 au dizeli ya zamani, baki na ushuhuda wako, sisi huku tuna wairingi ya 1994 na tumeshaomba mikopo kwenye vikoba.

Mleta uzi, kesho asubuhi kabla jua halijawa kali fungua boneti, chana soksi kidogo tu pale kwenye throttle, upana wa vidole viwili, piga picha kwa karibu uilete hapa. Na huyo fundi wako mpigie muulize swali moja: "Wairingi ya injini ya hizi gari za 1994 ina tatizo gani?" Akianza kucheka, au akisema "hiyo ndogo", mwambie Jumamosi una msiba.

Siti na rangi waje wengine wakushauri, mimi langu bado lina rangi ya Upanga na bado nadaiwa na yule kijana wa Ilala.