Grierson baada ya 1863
Kuna wanaodhani Benjamin Grierson, ofisa wa jeshi la Marekani, habari yake iliishia kwenye ule uvamizi wa Mississippi wa 1863, alipoongoza askari wa farasi wa Kaskazini kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani. Hapana ndugu, hakuishia hapo. Jamaa alikuwa mwalimu wa muziki, utotoni farasi alimpiga teke la uso, halafu ndo akapangiwa kikosi cha farasi! Kuanzia 1866 akaongoza Rejimenti ya 10 ya askari wa farasi, askari wote weusi, akakaa nao zaidi ya miaka 20 wakati kuna maofisa wazungu walikuwa hawataki hata kusikia habari hiyo. 1880 kule magharibi mwa Texas, badala ya kumkimbiza Victorio, kiongozi wa Waapache (wenyeji asilia wa Marekani), jangwani akawahi kukalia chemchemi za maji, Victorio akakosa pa kunywesha farasi ikabidi arudi Mexico. Ubrigedia jenerali wa jeshi la kudumu wakampa 1890, miezi michache tu kabla hajastaafu, walimdhulumu sana kwa kweli.