Kisado cha bosi kimebonyezwa kitako

SWALI: Shikamoo shangazi. Nina miaka 22, nauza maharage na mchele kwenye duka la nafaka hapa Arusha. Bosi amekigonga nyundo kisado kwa chini, kitako kimeingia ndani, na kila kipimo kinapungua viganja viwili. Ananiambia nikikiinua nizibe chini kwa mkono, mteja asione. Nimelelewa kanisani, na mama yangu hajawahi kula cha mtu. Wiki ya kwanza sikulala. Sasa mkono unaenda wenyewe. Nimekuwa mtu mbaya, au ubaya ni wa bosi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapo kwenye mkono nimeparudia mara tatu.

Mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilipokuwa inakaa hapa Arusha, kwenye jumba la mikutano la AICC, nilikuwa nakwenda siku mojamoja, naketi nyuma ya kile kioo na visikilizio masikioni. Tarehe 2 Septemba 1998 ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, mtu wa kwanza kukutwa na hatia ya mauaji ya kimbari katika mahakama ya kimataifa. Nilidhani watu wa aina ile huzaliwa na roho ya fisi. Kumbe alikuwa mwalimu, kisha kiongozi wa eneo la Taba huko Rwanda, watu wakimheshimu. Mauaji yalipoanza Aprili 1994 alijaribu kuyazuia kwake. Hukumu yenyewe inasema hivyo. Tarehe 18 akaenda kwenye mkutano wa wakubwa wa serikali. Aliporudi, alikuwa upande wa wauaji.

Hilo lilininyima usingizi. Jema alilijua, tena alikuwa amelitenda wiki iliyotangulia. Siku wakubwa walipomtazama usoni, kukawa na kitu alichokithamini kuliko roho za watu wake.

Sikulinganishi naye, kisado si panga. Lakini umeniuliza ubaya ni wa nani. Nyundo ni ya bosi. Mkono unaoziba kitako ni wako. Malezi ya mama yako ndiyo yaliyokunyima usingizi wiki ile ya kwanza. Baada ya hapo ilikuwa zamu yako. Na mfikirie mama lishe anayenunua visado viwili alfajiri: saa nane mchana sufuria imekwisha, wateja wawili bado wamesimama, naye anadhani amekosea kupakua.

Kesho wahi dukani kabla wateja hawajaja. Mwambie bosi kwa adabu, mkiwa wawili tu: "Hiki siwezi kukishika tena, tupime kwa mizani." Akikataa, anza kutafuta kazi kwingine, na mpaka utakapoipata kila mteja mrudishie viganja vyake viwili. Hujamwibia bosi hapo, ni mali ya mteja. Kodi ya chumba naijua, mwanangu, sikwambii haya kwa wepesi. Wakala wa Vipimo nao wapo, kazi yao ndiyo hiyo.

Niandikie tena, unieleze amejibu nini.